Figa moja haliinjiki chungu: Morogoro na mawasiliano ya siku ya maafa

WAHENGA walisema figa moja haliinjiki chungu. Msemo huo unafaa kutafakariwa upya katika Kata ya Mafiga, Manispaa ya Morogoro, inayobeba jina la mawe yale matatu ya jikoni. Hapo ndipo ulipo mtambo wa kusafisha maji yanayotoka Bwawa la Mindu, na juu yake imesimama Milima ya Uluguru, chanzo cha maji ya mji huo na pia chanzo cha hofu yake kila masika.

Swali la kujiuliza ni hili: siku maji yatakaposhuka kwa hasira kutoka milimani, mawasiliano ya mkoa yataegemea mafiga mangapi? Kwa wananchi wengi jibu ni moja tu, nalo ni simu ya mkononi. Diwani, mtendaji wa kijiji, mganga wa zahanati na mama mwenye mgonjwa ndani ya nyumba wote wanategemea mnara uleule na chaji ileile.

Historia ya mkoa inaonyesha kuwa hofu hiyo si ya kubuni. Februari 1970, mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, kwa muda wa saa zisizozidi tatu. Watafiti waliofika baadaye walihesabu maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 katika eneo hilo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko ya Kilosa yaliharibu vibaya Reli ya Kati. Januari 2014 ilikuwa zamu ya Dumila, ambako mafuriko yalikata barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma.

Wala maafa ya Morogoro si ya maji pekee. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililipuka Msamvu na kuua watu zaidi ya 100, na baadhi ya majeruhi walilazimika kuhamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Siku kama hiyo, kila dakika ina thamani ya uhai wa mtu.

Simu ya mkononi ni neema kubwa, na hakuna anayebeza kazi yake. Hata hivyo, mnara wa simu hausimami peke yake. Unahitaji umeme, umeme ukikatika unahitaji betri au jenereta, jenereta inahitaji mafuta, na mafuta yanahitaji barabara inayopitika. Mnara pia unahitaji kuunganishwa na mitambo mikuu kwa mkongo au kwa mawimbi kutoka mnara mwingine. Kiungo kimoja kikikatika, wanaotegemea mnyororo huo hubaki gizani. Hata mnyororo ukiwa mzima, watu maelfu wakipiga simu kwa wakati mmoja mtandao huelemewa.

Mei 2024 ilitoa somo hilo mara mbili ndani ya siku chache. Kimbunga Hidaya kilipiga pwani ya Tanzania, na mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Kisha, Mei 12, hitilafu ya mikongo ya baharini karibu na Afrika Kusini ilizorotesha huduma ya intaneti nchini. Hitilafu hiyo haikusababishwa na mvua iliyonyesha Tanzania, wala fundi yeyote wa Morogoro asingeweza kuirekebisha. Chombo ambacho mtumiaji hana mamlaka nacho kilikuwa kimepata hitilafu mbali na macho yake.

Hapa ndipo inapoingia hoja ya redio ya ridhaa. Hiyo si redio ya kutangazia muziki na taarifa za habari, bali ni mawasiliano ya pande mbili yanayoendeshwa na watu waliofuzu mtihani, wakapewa leseni na alama ya kuitana, na ambao hawaruhusiwi kuyatumia kibiashara. Chombo chenyewe huweza kufanya kazi kwa betri ya gari ya volti 12 inayochajiwa kwa umeme wa jua. Kwa masafa ya megahetzi 7, antena yake ni waya wa mita zipatazo 20 uliofungwa kati ya miti miwili. Hakihitaji mnara, mkongo wala vocha.

Kwa nchi ya milima kama Uluguru, sifa yake nyingine ni muhimu zaidi. Simu za upepo za mkononi, kama zile zinazotumiwa na walinzi, hutuma mawimbi yanayokwenda karibu na mstari ulionyooka. Mlima ukisimama katikati, sauti hupotea, isipokuwa pawepo kituo cha kuyapokea na kuyarusha upya mawimbi hayo kutoka kileleni. Lakini mawimbi ya masafa ya chini zaidi yakielekezwa juu hugonga tabaka la anga na kurudi chini kama mvua, yakienea eneo la mamia ya kilomita. Mtu aliyeko Matombo, mashariki ya milima, anaweza kuzungumza na aliyeko Mafiga bila mlima kuwa kizuizi.

Ukanda huu si mgeni wa jambo hilo. Tangu miaka ya 1960, Madaktari wa Ndege wa AMREF waliziunganisha hospitali za vijijini za Afrika Mashariki na Nairobi kwa redio za aina hiyo. Mganga aliyekuwa porini aliomba ushauri au ndege kwa sauti yake mwenyewe. Simu za mkononi zilipoenea, redio nyingi ziliwekwa stoo, na pamoja nazo ukapotea ujuzi wa kuzitumia.

Mfano wa India unaeleza vizuri thamani ya kujiandaa mapema. Desemba 2004, kundi la waendesha redio wa ridhaa likiongozwa na Bharathi Prasad lilikuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, kwa kibali adimu cha serikali. Walikuwa wamekwenda kwa ajili ya burudani ya kuwasiliana na wenzao duniani. Desemba 26, tsunami ilipopiga na simu kunyamaza, redio yao ikageuka kuwa njia ya kupeleka habari za walionusurika kwa ndugu zao bara. Kibali kilikuwapo tayari, mitambo ilikuwa imefungwa, na watu walikuwa na mazoezi. Leseni haiombwi siku ya mafuriko.

Dunia ililitambua jambo hilo hata kabla ya tsunami. Mkutano wa redio wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano uliofanyika Geneva mwaka 2003 ulizihimiza serikali kuviwezesha vituo vya ridhaa kujiandaa kusaidia wakati wa maafa. Kwa upande wa Tanzania, mlango haujafungwa. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na nchi ina alama yake ya kimataifa, 5H, inayotambuliwa na wanaredio kote duniani.

Tatizo ni kwamba Watanzania wanaoitumia alama hiyo ni wachache. Wageni hufunga safari hadi Zanzibar, wakafunga antena kwa wiki moja au mbili, wakazungumza na maelfu ya wenzao duniani, kisha wakaondoka na mitambo yao. Wanaoachwa nyuma ndio watakaokuwapo mvua itakaponyesha.

Wapo wanaohofia usalama: redio mikononi mwa raia inaweza kutumiwa vibaya. Hofu hiyo inastahili jibu. Mwendesha redio wa ridhaa hufahamika kwa mamlaka, hutaja alama yake anapozungumza, na kanuni za kimataifa zinamkataza kuficha maana ya ujumbe wake kwa mafumbo. Mwenye kustahili kuhofiwa ni yule anayenunua redio ya bei nafuu dukani na kuirusha bila leseni, kwani huyo anaweza kuingilia masafa ya polisi au ya ndege. Dawa yake ni elimu na mtihani, si kumnyima leseni anayeitafuta kwa njia halali.

Gharama nayo haiwezi kupuuzwa. Redio kamili ya masafa ya mbali inazidi uwezo wa familia nyingi. Lakini haihitajiki kila nyumba. Kituo kimoja shuleni, kimoja katika kituo cha afya, kimoja katika ofisi ya kata, vikiwa na watu waliofunzwa, vinaweza kubeba ujumbe muhimu: wapi, lini, watu wangapi, wanahitaji nini.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazo kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Kamati hizo ndizo nyumba ya asili ya wanaredio hawa. Morogoro ina bahati ya kuwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kisicho mbali na Mafiga, pamoja na Chuo Kikuu cha Mzumbe kilicho upande wa njia ya kwenda Mgeta. Skauti nao wana desturi ya kimataifa ya kukutana hewani kwa redio kila Oktoba. Mazoezi ya jioni moja kwa wiki, kati ya mji na vijiji vya milimani, yangetosha kuonyesha ni kijiji kipi kinasikika na kipi hakisikiki kabla ya mvua kuanza.

Simu ibaki kuwa figa la kwanza. Redio za vyombo vya dola ziwe la pili. Wananchi wenye leseni, betri na mazoezi wawe la tatu. Mvua ya Mgeta ya mwaka 1970 haikusubiri kamati ikutane, na itakayofuata haitasubiri.