Miaka 60 ya Nyasi Bandia katika Vyuo Vikuu vya Marekani: Nani Hulipa Gharama?

Na Mwandishi Wetu

Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2021/22, Serikali ya Tanzania ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira wa miguu vilivyo katika majiji. Tangu wakati huo swali la nyasi zipi zinafaa limekuwa likijirudia kila uwanja unapojengwa au kukarabatiwa, na limepata uzito zaidi baada ya Tanzania, Kenya na Uganda kupewa dhamana ya kuandaa kwa pamoja Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Wengi wetu hutafuta jibu katika ligi za Ulaya. Wapo hata hivyo wenye uzoefu mrefu zaidi wa jambo hili, nao ni vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo vimeweka nyasi bandia, vikaziondoa, na baadhi yake vikazirudisha.

Mchezo unaozungumziwa hapa si soka. Ni kandanda ya Kimarekani, ambayo mpira wake una umbo la yai na hubebwa mikononi, huku wachezaji 11 wa kila upande wakigongana kwa makusudi wakiwa wamevaa kofia ngumu na vikinga mabega. Tofauti hiyo isimwondoe msomaji katika hoja. Goti la binadamu ni lile lile, na kugeuka ghafla huku njumu zimekita ardhini ni jambo la kawaida katika michezo yote miwili.

Nyasi bandia ziliingia katika mchezo huo kwa dharura. Mwaka 1965 jiji la Houston lilifungua Astrodome, uwanja mkubwa uliofunikwa paa lenye kupitisha mwanga ili nyasi asilia ziweze kumea chini yake. Mng'aro wa jua ukawafanya wachezaji wa besiboli washindwe kuuona mpira ukiwa hewani, paa likapakwa rangi, na nyasi zikafa. Mwaka uliofuata likaletwa zulia la nailoni lililotengenezwa na kampuni ya Monsanto, ambalo lilipata jina la AstroTurf kutokana na uwanja huo, na timu ya Chuo Kikuu cha Houston ikawa miongoni mwa timu za mwanzo kulichezea. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Indiana State kiliweka zulia hilo katika uwanja usio na paa. Tennessee kikafuata na zulia la namna hiyo mwaka 1968, Michigan mwaka 1969 na Nebraska mwaka 1970.

Sababu za kulipenda zilikuwa wazi. Mvua haikuligeuza tope, na halikuhitaji kukatwa wala kupumzishwa. Lakini lilikuwa jembamba, limetandikwa juu ya tabaka gumu, na liliunguza ngozi ya aliyeteleza juu yake. Mwaka 1976 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walichapisha maelezo ya jeraha la kifundo cha kidole gumba cha mguu walilolikuta kwa wachezaji wa chuo hicho, wakalipa jina linalotokana na zulia lenyewe. Lawama hawakuiweka kwenye zulia peke yake. Waliona pia kuwa viatu vyepesi vinavyopindika vilivyovaliwa juu ya zulia hilo vilichangia. Tangu utafiti huo wa awali, basi, kiatu na uwanja vilichunguzwa pamoja, jambo ambalo katika mijadala yetu husahaulika.

Katika miaka ya 1990 vyuo vingi vilibadili msimamo. Alabama na Michigan vilirudi kwenye nyasi asilia mwaka 1991, Tennessee mwaka 1994, na Michigan State mwaka 2002. Wakati huo huo kizazi kipya cha nyasi bandia kilikuwa kimekwishaingia sokoni: nyuzi ndefu zaidi, zilizojazwa mchanga na chembechembe za raba iliyosagwa kutoka matairi chakavu, ili mguu upate kunesa. Nebraska ilizitandika mwaka 1999. Michigan ilirudi kwenye nyasi bandia mwaka 2003, na hivyo kufanya badiliko la tatu katika muda wa miaka 34. Ikumbukwe kuwa chuo hicho kina uwanja unaochukua watazamaji zaidi ya 100,000. Hakikukosa fedha wala wataalamu. Kilichokishinda ni ardhi: eneo la kuchezea liko chini sana, karibu na maji ya ardhini, na nyasi asilia hazikustawi. Notre Dame, kilichochezea nyasi asilia katika uwanja wake tangu mwaka 1930, nacho kilikubali yaishe mwaka 2014 baada ya kubandika vipande vipya vya nyasi mara kadhaa bila mafanikio ya kudumu. (Boise State kina zulia la rangi ya bluu tangu mwaka 1986, lakini hilo ni suala la matangazo zaidi kuliko la kilimo.)

Je, kizazi hiki kipya ni salama zaidi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia vyuo 24 katika misimu mitatu kuanzia 2006, ulionesha majeraha machache zaidi kwenye nyasi bandia za kampuni ya FieldTurf kuliko kwenye nyasi asilia. Matokeo hayo yalinukuliwa sana na wauzaji. Fedha za utafiti huo zilitoka kwa mtengenezaji wa nyasi zenyewe, jambo ambalo halibatilishi takwimu zake, ila linampa msomaji haki ya kutaka ushahidi wa pili.

Ushahidi wa pili ulikuja mwaka 2019. Watafiti walitumia kumbukumbu za majeraha za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kuanzia msimu wa 2004/05 hadi 2013/14. Walihesabu mara zaidi ya milioni 3 za wachezaji kuingia uwanjani, mazoezini na katika mashindano, na majeraha ya goti 2,460. Ndani ya goti kuna kano mbili zinazopishana, ya mbele na ya nyuma, ambazo huzuia mifupa isiteleze. Katika mechi za mashindano, kano ya nyuma iliumia kwenye nyasi bandia kwa kiwango cha karibu mara 3 ya kile cha nyasi asilia. Kuhusu kano ya mbele, ambayo kuchanika kwake humweka mchezaji nje kwa miezi mingi na mara nyingi huhitaji upasuaji, matokeo yalitofautiana kulingana na daraja la chuo. Katika Daraja la Kwanza, lenye vyuo vikubwa na matajiri, haikuonekana tofauti ya maana. Katika Daraja la Pili na la Tatu, kiwango cha kuumia kano hiyo kwenye nyasi bandia kilikuwa mara 1.63 ya kile cha nyasi asilia.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii. Nyasi asilia zina udhaifu unaomsaidia mchezaji: meno ya njumu yakinasa na mwili ukaendelea kuzunguka, mizizi hukatika, udongo hutoka kipande, na mguu huachiwa. Nyuzi za plastiki hazikatiki kwa urahisi huo, kwa hiyo nguvu ambayo ingeishia ardhini hupanda kuelekea kifundo cha mguu na goti. Lakini zulia lile lile haliwi lile lile kila mahali. Chembechembe za raba husogea na kushindiliwa. Lazima zichanuliwe na kuongezwa, na ugumu wa uwanja upimwe mara kwa mara. Utafiti huo haukuthibitisha kwa nini vyuo vidogo viliumia zaidi. Kwa maoni ya mwandishi, tofauti ya matunzo ni maelezo yanayostahili kuchunguzwa kwanza, kwa sababu chuo kikubwa huweza kuajiri watu wa kazi hiyo na chuo kidogo mara nyingi hununua zulia ili kisiwaajiri.

Tena vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Kijana anayechanika kano huko hakuwa amelipwa kwa kuingia uwanjani. Wachezaji wa ligi ya kulipwa wana chama chao, na tangu mwaka 2020 chama hicho kimedai waziwazi nyasi asilia katika viwanja vyote. Wanafunzi hawana chombo kama hicho.

Kuna suala jingine linalotuhusu sisi wa maeneo ya joto kuliko linavyowahusu wao. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, katika jimbo la Utah, walipima joto la uwanja mpya wa chuo chao. Siku moja ambapo hewa ilikuwa nyuzi joto 37 hivi za Selsiasi, uso wa nyasi bandia ulifikia 93. Walipojaribu kuupoza kwa maji, joto lilishuka kutoka 79 hadi 29; baada ya dakika tano lilikuwa limepanda hadi 49, na baada ya dakika 20 lilifika 73. Wanaodhani uwanja wa plastiki hauhitaji maji wazitazame tarakimu hizo wakiwa na ratiba ya mechi za saa tisa alasiri mkononi.

Kwa nini basi vyuo vinaendelea kuzinunua? Kwa sababu ya saa za matumizi. Timu kubwa ya chuo hucheza nyumbani mechi sita au saba tu kwa msimu, na hufanya mazoezi kwenye viwanja vingine. Nyasi asilia huhimili mzigo huo. Chuo kidogo chenye uwanja mmoja wa kandanda, soka, mazoezi ya bendi na michezo ya jioni hakiwezi kuzipumzisha. Hoja hiyo ni ya haki, na inafanana sana na hali ya uwanja wa manispaa au wa shule unaotumiwa na timu za mtaa kuanzia asubuhi hadi giza. Kwa uwanja wa namna hiyo nyasi bandia zinaweza kuwa chaguo sahihi, iwapo matunzo yake yamepangiwa fedha. Kwa uwanja wa mashindano makubwa usiojaa kila siku, uzoefu wa Marekani hauungi mkono chaguo hilo.

FIFA nayo imefuata mwelekeo huo. Kwa Kombe la Dunia la mwaka 2026 katika nchi za Marekani, Kanada na Meksiko, iliagiza viwanja vyote 16 viwe na nyasi asilia, ingawa 8 kati yake hutumia nyasi bandia kwa kawaida. Kazi ya utafiti ilikabidhiwa wataalamu wa Tennessee na Michigan State, vyuo viwili vilivyowahi kuziondoa nyasi bandia katika viwanja vyao wenyewe. Michigan State ndicho pia kilichootesha nyasi zilizochezewa chini ya paa la Pontiac Silverdome katika Kombe la Dunia la mwaka 1994.

Kwa mwananchi anayesoma tangazo la zabuni au la ufunguzi wa uwanja, bei ya kutandika ni sehemu moja tu ya hesabu. Nyasi bandia hudumu takribani miaka 8 hadi 10, kisha hubadilishwa zote. Tangazo lionyeshe fedha za kuzibadilisha zitatoka wapi, nani atapima ugumu wa uwanja na kila baada ya muda gani, maji ya kupoza yanatoka kisima gani, na zulia kuukuu litatupwa wapi.

Swali la mwisho lina tarehe yake. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilieleza mwaka 2024 kuwa chembechembe za matairi zina kemikali nyingi, ingawa kiasi kinachomfikia mchezaji kinaonekana kuwa kidogo. Umoja wa Ulaya, kwa hoja ya kuzuia plastiki ndogondogo zisisambae katika mazingira, umekwishapitisha kanuni ya kuzipiga marufuku sokoni kuanzia Oktoba 2031. Zulia litakalotandikwa sasa litakuwa bado uwanjani siku hiyo, na viwanda vinavyouza Ulaya vitakuwa vimeshaacha kuzitengeneza kwa ajili ya soko hilo.