Kona ya Mwalimu: Filamu tulizozipenda, na ile ya mdogo wetu

Tangu tamasha la filamu liishe, watoto wa shule wanatuuliza kila siku: mwalimu, katika zile zote, ipi ilikupendeza? Basi leo tujibu, na wazazi nao wasikie.

Sinema si kitu kigeni hapa Kakuma. FilmAid ilianza kutuonyesha filamu mwaka 2001, na wakubwa wanakumbuka: skrini uwanjani, watu wamekaa kwenye mchanga, watoto mbele kabisa. Ila wengi wetu tulizoea filamu za mbali, magari yanaruka na risasi haziishi. Hizi za tamasha ni za namna nyingine. Zimetengenezwa na watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao, kwa pesa kidogo, na waliomo ndani wanafanana na sisi.

Ya kwanza ni Makala, ya mwaka 2017, ya Mfaransa Emmanuel Gras. Msidhani ni makala ya gazeti kama hii, ni makala ya jikoni! Kabwita, kijana wa kijijini upande wa Kolwezi, Kongo, anakata mti mkubwa kwa shoka, anauchoma chini ya udongo, halafu anafunga magunia kwenye baiskeli mpaka baiskeli yenyewe haionekani. Anaisukuma kilomita kama 50 kwenda mjini. Hapandi, anasukuma. Malori yanampita yanamwachia vumbi, na njiani wako wanaomdai pesa ndipo apite. Anatafuta nini? Mabati ya nyumba yake na mkewe. Basi. Wanasema Kiswahili cha kwao, wala hatukuhitaji mtu wa kututafsiria. Mwaka ule ule filamu hiyo ilipata zawadi kubwa ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes, Ufaransa. Mama mmoja nyuma yetu alisema, "Kumbe hata kusukuma baiskeli ni sinema?" Ndiyo mama, kama mshika kamera ana subira.

Ya pili ni Examen d'État, ya mwaka 2014, ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Inawafuata wanafunzi wa huko wanaojiandaa na mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Wasiolipa pesa ya walimu wanatolewa darasani. Wanafanyaje? Wanatafuta nyumba, wanakaa humo pamoja, wanafundishana wenyewe. Wengine wanapeleka kalamu zikaombewe, wengine wanatafuta njia ya mkato. Hamadi hawasifu wala hawatukani, anawaonyesha tu. Sisi tunaofundisha watoto wengi kuliko madawati tuliitazama kimya kabisa.

Ya tatu ndiyo iliyowaliza watu: Supa Modo, ya mwaka 2018, ya Mkenya Likarion Wainaina. Jo ni msichana wa miaka 9, anaumwa ugonjwa usiopona, na anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama anamtoa hospitali ili akae nyumbani siku zilizobaki. Dada yake mkubwa, Mwix, anaona mdogo wake anakufa kwa huzuni kabla ya ugonjwa. Anazunguka kijiji kizima akiwaomba watu wamsaidie Jo aamini kwamba yeye ni shujaa. Mwisho kijiji kinaamua kutengeneza filamu, na Jo ndiye nyota wake. Mama anakataa mwanzoni, na ana sababu zake. Lakini dada haachi.

Tuliposikia habari ya Mwix tulitazamana, kwa sababu na sisi tulikuwa na mdogo wetu kwenye orodha ya usiku ule.

Yake ni ya dakika saba, aliitengeneza kwenye mafunzo ya vijana. Inamwonyesha mama wa Kiturkana anayeleta makala kwenye bloku yetu asubuhi, na mama yetu anayempimia unga. Wanavutana bei kwa Kiswahili cha vipande, kisha wanacheka, na mama yetu anambebea mtoto wakati yeye anafungua gunia. Hakuna muziki, hakuna risasi. Lakini wote tunajua maneno yanayosemwa kati ya wakimbizi na wenyeji kwa ajili ya kuni na makala, na tunajua yanavyoweza kufika pabaya. Kuwaonyesha mama wawili wakicheka si jambo dogo.

Haikuwa rahisi. Mafunzo yalikuwa yakiisha jioni, na baba mdogo aliuliza, "Kamera ni kazi ya msichana?" Hatukubishana naye. Tuligawana zamu, kila siku mmoja wetu anampeleka na kumrudisha. Wasichana wengine walioanza naye waliacha njiani, kwa kukosa mtu wa kuwasindikiza tu. Hadithi zao zimebaki vichwani mwao, na hilo ndilo linalotuuma.

Siku ya kuonyesha, upepo ulikula nusu ya sauti, na vijana wa nyuma wakacheka. Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Yule mama wa makala alikuja na wenzake, wakapiga vigelegele kutushinda. Zawadi hakupata. Nyumbani tulimwambia ukweli: sauti irekebishwe, na mwisho umerefuka. Alikubali, maana alikuwa amesikia makofi kwanza. Baba mdogo hakusema neno, ila kesho yake alisikika kwenye foleni ya maji akiwaambia wazee, "Yule ni mtoto wa kaka yangu."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hapa kambini kutunza si pesa. Ni kumsindikiza msichana jioni, ni kukaa mbele zamu yake ikifika, ni kunyamazisha wanaozomea.

Mafunzo yakifunguliwa tena, mzazi mwenye binti anayetaka aje atuone shuleni baada ya vipindi. Tutawapanga kwa bloku ili warudi kwa kundi, na mtu mzima awe pamoja nao. Msingoje jina litangazwe ndipo mseme ni mtoto wenu.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.