Askari wa Mteremkoni

Katika nchi ya Italia ni desturi ya siku nyingi kwa majeshi na polisi kuwaandika wanamichezo, wakawapa sare, cheo na mshahara, ili mchezaji afanye mazoezi pasipo kuhofia sufuria ya jikoni kwake. Miongoni mwa askari wa namna hiyo yumo Sofia Goggia, aliyezaliwa Bergamo mwaka 1992. Yeye ni wa kikosi cha polisi wa fedha, wale wapambanao na magendo na ukwepaji wa kodi. Kazi yake ni kushuka milima ya theluji.

Mshukaji wa kike hufunga miguuni mbao mbili zenye urefu usiopungua sentimita 210, akajiachia mteremkoni kwa mwendo upitao kilomita 120 kwa saa, bila breki wala mkanda. Njia yenyewe si theluji laini kama pamba. Mara nyingi hunyweshwa maji yakaganda, ikawa ngumu kama kioo. Na mshindi hupatikana kwa sehemu za mia za sekunde. Mwaka 2018, huko Pyeongchang, Korea ya Kusini, Goggia alitwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki kwa sehemu 9 tu.

Wako wawaonao watu hawa kuwa wendawazimu. Lakini mwendawazimu hakariri njia. Asubuhi ya mashindano washukaji huteremka polepole, wakipima kila kona na kila bonde. Kisha, kabla ya kuondoka, hufumba macho na kuipita njia yote moyoni, kiganja kikiyumba hewani kufuata kona. Hofu haiwatoki. Huwekwa kando kwa dakika moja na nusu hivi.

Kuanguka ndiko kunakompima mtu. Mwishoni mwa Januari 2021 Goggia alivunjika mfupa karibu na goti la kulia. Wala hakuwa mashindanoni, kwani yalikwisha ahirishwa kwa ukungu, naye alikuwa akirudi bondeni tu! Januari 23, 2022 akaanguka Cortina, akaumia goti la kushoto. Siku 23 baadaye, huko Beijing, alikuwa wa pili katika Olimpiki, nyuma ya Corinne Suter wa Uswisi kwa sehemu 16 za mia za sekunde.

Desemba 16 mwaka huohuo, huko St. Moritz, mkono wake wa kushoto uligonga nguzo ya njia, mifupa miwili ikavunjika. Hata hivyo alimaliza, akawa wa pili. Jioni akapasuliwa Milano. Kesho yake akarudi mlimani, mkono umefungwa, akashinda. Mzazi asomaye habari hii aweza kuuliza kama huo ni ushujaa au ukaidi, na swali hilo ni la haki, kwani mwili hutunza hesabu zake.

Hesabu hiyo ilidaiwa Februari 5, 2024. Katika mazoezi ya kawaida, pasipo umati wa watazamaji, muundi wa mguu wa kulia ulivunjika pamoja na mfupa wa kifundo. Safari hii hapakuwa na haraka: alikaa nje miezi kumi. Desemba 14 akasimama tena mlimani Beaver Creek, Marekani, akawa wa pili. Kesho yake, katika mbio nyingine mlimani hapohapo, akawa wa kwanza.