Dhahabu ya Nyamongo inavuka mipaka yote, haki inakwama Tarime

Makamanda, wiki ile tuliyokuwa tunahangaika na wagombea wetu walioenguliwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, kuna habari ilitupita pembeni. Hatulaumiani, kila mtu alikuwa na lake la kufuatilia. Lakini uchaguzi umepita, tuirudie, kwa sababu inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwishoni mwa Novemba 2024, mahakama ya jimbo la Ontario, Kanada, ilikataa kusikiliza kesi ya Watanzania wenzetu kutoka vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara, pale Nyamongo, wilayani Tarime. Kesi ilifunguliwa Novemba 2022, walalamikaji wa mwanzo wakiwa 21. Walidai kwamba polisi wanaolinda mgodi waliua ndugu zao, na baadhi yao wenyewe walipigwa risasi au kuteswa. Walitaka kampuni mama, Barrick yenye makao makuu Toronto, ijibu. Barrick ilikana. Msimamo wake ni kwamba polisi ni wa serikali ya Tanzania na kampuni haiwapi amri.

Jaji hakusema madai hayo ni ya kweli wala ya uongo. Hakufika huko. Alichosema ni kwamba mahakama yake haina mamlaka juu ya shauri hilo, na hata ingekuwa nayo, mahali panapofaa zaidi ni Tanzania. Kwa lugha ya kijiweni: nendeni mkashitakiane kwenu.

Sasa swali letu ni dogo tu. Kwetu wapi?

Mnyororo unaanzia Nyamongo

Wataalamu wanaita mnyororo wa ugavi. Maana yake ni safari ya bidhaa, kutoka kwa anayeitoa ardhini mpaka kwa anayeivaa shingoni. Dhahabu ya North Mara inayeyushwa hapa hapa mgodini, inapanda ndege kwenda kusafishwa nje. Kiwanda cha MMTC-PAMP cha India ni mojawapo ya vilivyoisafisha. Kiwanda hicho kimo kwenye orodha ya wasafishaji wanaotambuliwa na LBMA, chama cha wafanyabiashara wa dhahabu cha London. Ukishakuwa kwenye orodha hiyo, dhahabu yako inahesabiwa kuwa safi. Benki zinainunua, masonara wanainunua, na watengenezaji wa vifaa vya umeme wanainunua. Inawezekana kabisa chembe ya Nyamongo imo ndani ya simu unayosomea hapa.

Ndiyo maana Desemba 2022 familia za wanaume wawili waliouawa North Mara zilikishitaki hicho chama cha London. Hoja yao: mnawezaje kuipa muhuri wa usafi dhahabu inayotoka mahali ambapo watu wanapigwa risasi? Chama kimeyakataa madai hayo. Lakini swali lenyewe limeshaulizwa mbele ya mahakama, na ni swali zuri.

Kwa vijana ambao mlikuwa shule ya msingi, nikumbushe kidogo. Mgodi ulianza uzalishaji 2002. Barrick iliupata 2006, baadaye ukawa chini ya African Barrick Gold, kampuni iliyobadilishwa jina kuwa Acacia, na 2019 Barrick ikauchukua tena moja kwa moja. Kabla ya hayo yote wananchi wa pale walikuwa wanachimba kwa mikono yao. Mgodi mkubwa ulipokuja, shimo likawa la kampuni, wao wakabaki kuokota mawe ya mabaki. Mei 16, 2011, polisi walifyatua risasi na watu watano wakafa kwa siku moja. Uchunguzi uliofanyika hapa nchini 2016 ulipokea malalamiko ya watu 65 kuuawa na 270 kujeruhiwa. Ni malalamiko, si hukumu. Lakini nchi yenye akili timamu ikipokea malalamiko 65 ya vifo, inakaa inayafuatilia moja moja mpaka ijue nini kilitokea. Uliza leo ni mangapi kati ya hayo yamefika mahakamani.

Mwenye bunduki ndiye mwenye hisa

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Tukisikia haki za binadamu na makampuni makubwa, akili inakimbilia kwa mzungu. Mzungu ana lake, tutafika. Lakini tuangalie kwanza nani yuko getini.

Polisi wako pale kwa makubaliano ya maandishi kati ya mgodi na Jeshi la Polisi. Mgodi umekuwa ukibeba sehemu ya gharama zao: posho, malazi, mafuta ya magari. Kwa hiyo askari anayelipwa mshahara na kodi ya mama ntilie wa Tarime anapata na posho kutoka kwa anayelindwa. Yakitokea mauaji, kampuni inasema hawa ni wa serikali. Serikali nayo inasema hao walikuwa wavamizi. Ni danadana, mpira hautui chini.

Halafu tangu makubaliano ya 2019, serikali yetu si mwamuzi tena kwenye mchezo huu. Ni mchezaji. Iliundwa kampuni ya Twiga Minerals, Barrick wakawa na asilimia 84 na serikali asilimia 16. Gawio likija, tunaitwa kwenye sherehe, hundi kubwa kama mlango inapigwa picha. Sawa, gawio ni halali yetu. Lakini mwenye hisa anagawana faida na lawama vilevile. Huwezi kuchukua asilimia 16 ya dhahabu na asilimia sifuri ya damu.

Mnakumbuka 2017? Makontena ya makinikia yalizuiliwa bandarini, kamati zikaundwa, wachumi na wanajiolojia wakahesabu kila gramu ya shaba na salfa. Kampuni ikaletewa madai ya kodi ya dola bilioni 190. Mwisho wa siku tukaahidiwa dola milioni 300, ile iliyoitwa kishika uchumba. Chama chetu kilisema yake wakati ule, sirudii. Ninachosema leo ni hiki: nchi ilithibitisha kwamba ikitaka inaweza kumkalisha chini bwana mkubwa wa dunia na kumdai. Iliweza kuhesabu makinikia yaliyozama ndani ya mchanga. Mbona haikuhesabu maiti?

Hata mazingira yalipata wa kuyasemea. Mei 2019 NEMC iliipiga faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa la maji ya sumu la North Mara. Vizuri sana. Kwa hiyo sheria ipo, meno yapo, kalamu ya kuandika faini ipo. Kwa anayepigwa risasi, kalamu inaisha wino.

Milango tuliyofungiwa

Turudi kwa jaji wa Ontario aliyesema mahali sahihi ni Tanzania. Chukua kijana aliyepigwa risasi ya mguu pale Nyamongo. Kitu cha kwanza anachohitaji hospitali ni PF3. PF3 inatolewa wapi? Polisi. Akaombe fomu kwa aliyempiga, na ajieleze alikuwa anafanya nini pale. Wengi wanaogopa kesi ya uvamizi, wanatibiwa kwa siri nyumbani, ushahidi unapotelea hapo.

Tuseme amepata fomu, amepona, anataka kushitaki. Ukiishitaki serikali lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza, umuunganishe Mwanasheria Mkuu, na uende Mahakama Kuu. Kwa madai ya madhara kama haya sheria inakupa miaka mitatu, saa inatembea. Wakili anataka hela, daktari wa kutoa ushahidi anataka hela, nauli ya kwenda na kurudi Musoma ni hela. Upande wa pili wa chumba wamekaa mawakili wa kampuni na wa serikali, wote analipa mwingine.

Basi labda shirika la haki za binadamu limsaidie, lifungue kesi ya kikatiba kwa niaba ya wanakijiji wote? Mwaka 2020 Bunge lilibadilisha sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi, likaweka sharti kwamba anayefungua kesi aonyeshe yeye binafsi ameathirika vipi. Wa kumsemea mnyonge akabanwa.

Basi aende Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu. Mahakama iko kwetu, kwenye ardhi yetu. Novemba 2019 serikali ikaondoa tamko lililokuwa linawaruhusu wananchi na asasi kwenda pale moja kwa moja. Mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa. Mkenyeji wa mahakama ya haki ya bara zima amewafungia nje watoto wake.

Ndiyo maana watu wa Nyamongo walipanda ndege. Hawakwenda Toronto kutalii.

Kuna ndugu zetu wa upande wa pili watasema hizi kesi za nje ni kudhalilisha nchi, wazungu wanatumika. Nitawajibu kwa heshima. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu wanakijiji zaidi ya 1,800 wa Chingola, Zambia, kuishitaki kampuni ya Vedanta kwa uchafuzi wa mto. Sababu kubwa ilikuwa kwamba kwao wasingepata haki ya kweli: hakukuwa na fedha za kuendeshea kesi ngumu kama ile, wala mawakili wenye uzoefu nayo. Anayeidhalilisha nchi ni yule anayesababisha hakimu wa kigeni aseme maneno hayo, si mwanakijiji aliyemwendea. Watakaosema waliopigwa risasi ni wezi, jibu ni fupi zaidi. Wizi una sheria, una mahakama na una kifungo. Hakuna sheria ya Tanzania inayosema adhabu ya kuokota mawe ni kifo.

Wenzetu wanaandika sheria, sisi tunaandika barua

Duniani upepo ulibadilika baada ya Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lilipoanguka Bangladesh na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao mafundi cherehani waliokuwa wanashona nguo za maduka ya Ulaya. Ufaransa ilitunga sheria 2017 ya kuyalazimisha makampuni makubwa kuchunguza madhara kwenye mnyororo wao wote. Ya Ujerumani ilianza kutumika 2023. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha ya kwake, na nchi wanachama zikapewa muda wa kuiingiza kwenye sheria zao. Kanada wanakotoka Barrick ina sheria ya kuripoti kazi za shuruti na ajira za watoto tangu Januari 2024. Kuripoti tu. Risasi za getini hazimo.

Tuzipokee hizo sheria lakini tusizilalie. Ziliandikwa na watu wengine kwa ajili ya wapiga kura wao, na wenye makampuni wanapiga kelele kila siku zipunguzwe makali. Mgeni anaweza kukusaidia kuzima moto, ila hawezi kukulindia nyumba kila usiku.

Kwa hiyo sisi vijana tunadai haya, na tunayataka yaingie kwenye ilani yetu neno kwa neno:

1. Makubaliano kati ya Jeshi la Polisi na mgodi wowote yawekwe hadharani, pamoja na kila posho inayolipwa.
2. Kila kifo eneo la mgodi kichunguzwe na chombo kisichokuwa polisi, na ripoti isomwe mbele ya familia.
3. Majeruhi atibiwe kwanza, na PF3 isitolewe na kituo kinacholalamikiwa.
4. Tamko la Mahakama ya Afrika lirudishwe, na kile kifungu cha 2020 kifutwe.
5. Itungwe sheria ya Tanzania inayoifanya kampuni mama iwajibike hapa kwa madhara ya kampuni tanzu yake. Serikali ikiwa na hisa, na yenyewe ijibu.

Na sisi wenyewe tujisahihishe. Tuna tabia ya kusambaza klipu siku mbili, bando likiisha na hasira inaisha. Matawi yetu ya Tarime na Serengeti, na kila penye mgodi, yaanze kuweka daftari. Tarehe, saa, mahali, majina ya mashahidi, picha za majeraha, nakala ya kila karatasi ya hospitali. Daftari litunzwe vizuri, majina ya watu yasitupwe mitandaoni wakaja kudhurika. Nguvu ya kesi yoyote, iwe Musoma au London, inaanzia kwenye karatasi hizo.

Jaji wa Ontario ametuambia twende kwetu. Basi tukatengeneze kwetu, ili mama wa Nyamongo aliyefiwa na mwanawe apande daladala asubuhi, afike mahakamani, asikilizwe kwa Kiswahili, na jioni arudi nyumbani na namba ya kesi mkononi.

Aluta continua!