Wenye Pumu wa Kola, Msitegemee Inhela ya Bluu Pekee

Mtu wa Kola akibanwa na kifua usiku, kimbilio lake ni inhela ya bluu. Huvuta, kifua kikafunguka, akalala. Kukicha hujiona amepona, akaiweka kando mpaka siku nyingine ya taabu. Ndugu zangu, mazoea hayo ni ya hatari.

Pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa. Salbutamoli, dawa iliyomo katika inhela ya bluu, hulegeza misuli inayozibana njia hizo, lakini uvimbe huuacha palepale. Uvimbe huo hutulizwa kwa steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, nayo hutumiwa kama daktari alivyoagiza hata siku ambayo mgonjwa hakohoi. Mwaka 2019, GINA, jopo la kimataifa la pumu lililoanzishwa mwaka 1993 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima au kijana asitibiwe kwa salbutamoli peke yake. Mwaka huohuo, kwa makadirio ya Shirika hilo, pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu.

Wapo wanaosema inhela humzoesha mtu, eti ni ya aliyezidiwa, hivyo mtoto aanzie vidonge. Si kweli hata kidogo. Dawa ya kuvuta hufika kifuani moja kwa moja, tena kwa kipimo kidogo. Kidonge cha salbutamoli huzunguka mwili mzima. Mikono hutetemeka na moyo ukaenda mbio, huku kifua kingali kinangoja.

Lakini mtoto mdogo hawezi kwenda sambamba na inhela inapobonyezwa. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita humfaa kuvutia dawa. Waya hukunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, ukapashwa moto, ukatoboa kitako cha chupa, na inhela ikaingia pasipo kuacha upenyo. Mtoto hufumba midomo kwenye mdomo wa chupa, dawa ikabonyezwa mara moja, naye akapumua taratibu mara kadhaa. Wahudumu wa afya ya jamii wafunzwe jambo hili, walipeleke nyumba kwa nyumba.

Nasi tusiwaachie wao kila kitu. Jiko la kuni lililofungiwa ndani bila dirisha humchokoza mwenye pumu kila siku. Tutoboe ukuta, moshi utoke.

Huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti tangu mwaka 2013, na sheria inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kuhusu bajeti. Siku ya kutoa maoni msibaki shambani. Nendeni mkaitake steroidi ya kuvuta, kwa jina lake, katika kila zahanati ya wadi ya Kola.