Presi ya vikombe: kabla ya kuuliza bei, uliza umeme wa kwako

Katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, kuna dada mmoja anayeniita yaya ingawa hatuna undugu wa damu. Mwaka jana, zamu yake ya likelemba ilipofika, hakununua kikwembe wala telefone. Alinunua presi, mashine ya kuchapa picha na majina juu ya vikombe. Arusi ya kwanza ikampa komande ya vikombe 50, vyenye majina ya bwana na bibi arusi pamoja na tarehe. Vikombe 20 alivyochapa mchana vilitoka vizuri. Vile 30 vya jioni vilitoka vimepauka, rangi nyeusi imekuwa kama majivu. Mashine ileile, wino uleule, mkono uleule. Ilimbidi arudishe pesa, na kikombe chenye majina ya watu wengine hakuna atakayekinunua.

Tangu siku hiyo vijana wengi wamekuja kuniuliza: "Yaya, ninunue presi gani?" Karibu wote wanaanza na hesabu za muuzaji: hii inafanya kazi nane, ile inafanya tano, ile nyingine ina skrini ya kugusa. Kwa maoni yangu tunaanzia mahali pabaya. Swali la kwanza ni umeme gani unafika kwenye prizi ya nyumba yako saa moja ya jioni.

Tazameni jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Wino wa sublimasio unachapwa kwanza juu ya karatasi, maandishi yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo. Karatasi inafungwa kwa utepe unaovumilia moto kuzunguka kikombe, kisha presi inakibana na kukipasha. Kwenye joto la karibu digrii 180 mpaka 200, kwa muda wa dakika tatu hivi, wino unageuka mvuke na kuingia ndani ya ngozi nyembamba iliyopakwa juu ya kikombe. Joto likipungua, au muda ukipungua, wino haumalizi safari yake.

Sasa, ndani ya presi kuna rezistansi, kama ile ya reshoo tunayopikia. Umeme ukishuka kutoka volti 220 mpaka 160, nguvu ya rezistansi haishuki kidogo, inashuka karibu nusu. Presi ya wati 400 inabaki na wati 200 na kitu. Kila mama wa Lubumbashi anaijua hesabu hii bila kuiandika: jioni, kata nzima ikiwasha reshoo, maji ya bukari yanakataa kuchemka. Kikombe baridi kikiingia ndani ya presi, joto linaanguka, na kwa umeme dhaifu linachukua muda mrefu kurudi. Lakini saa ya mashine nyingi za bei ya chini inaanza kuhesabu palepale mkono unapofungwa. Dakika tatu zinaisha, mashine inalia, mtu anatoa kikombe ambacho hakijaiva. Ndicho kilichompata dada yangu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotafuta kwenye presi ni hili: je, saa yake inasubiri joto lirudi ndipo ianze kuhesabu? Zipo zinazosubiri. Zina viwango viwili vya joto, kimoja cha kungojea na kimoja cha kufanyia kazi. Muuzaji atakuambia zote ni sawa. Mwambie aichomeke mbele yako, aingize kikombe baridi, nanyi mtazame namba pamoja. Akikataa, nenda kwa mwingine.

La pili ni kibandiko kilicho nyuma ya mashine. Wengi wetu tuna shangazi au kaka huko Marekani anayetaka kutusaidia, naye anatuma presi nzuri sana, ya jina kubwa, ndani ya valizi. Umeme wa kwao ni volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 220 yetu, rezistansi inapokea nguvu zaidi ya mara tatu ya ile iliyotengenezewa, na zawadi inakufa kabla ya kikombe cha kwanza. Mpigieni simu mapema. Mwambieni asome kibandiko kabla ya kulipa.

Kuhusu mashine ya kazi nane, najua nitawaudhi wauzaji. Sahani yake bapa, ile ya kuchapia nguo, mara nyingi inakula zaidi ya wati 1,000. Jenereta ndogo, ile tunayoita grupu, ya wati 650, haiwezi kuibeba siku ya delestaje. Presi ya vikombe peke yake ya wati 300 au 400 itakwenda. Tena mashine ya kazi nane ina kichwa kimoja cha kuongoza vyote: kikifa, kofia, sahani na vikombe vyote vimelala. Na kuna ahadi moja ambayo sipendi kabisa kuisikia. Vijana wanaambiwa kwamba kwa wino huohuo watachapa pia tishati za pamba. Wino wa sublimasio unashika poliesta ya rangi nyeupe au nyepesi. Kwenye pamba tupu picha inaondoka na sabuni. Kazi ya pamba inahitaji vifaa vingine na pesa nyingine.

Watu wanaojua biashara wananijibu kwamba kununua mashine moja ya kazi nyingi ni nafuu kuliko kununua tatu. Kweli, kwa mtu mwenye umeme imara na komande za kofia na sahani mkononi. Kwa anayeanza na pesa ya likelemba, mimi nasema presi moja ya vikombe, na pesa inayobaki inunue rezistansi ya pili palepale, siku ileile, kutoka kwa muuzaji yuleyule. Rezistansi inachakaa, na kuitafuta baadaye ni safari: mizigo inapita Dar es Salaam, inavuka Kasumbalesa, na mteja wako wa arusi hasubiri. Uliza pia kipimo chake. Rezistansi ya kikombe cha kawaida, kilichonyooka, cha mililita 325 hivi, haifai kwa kile kinachopanuka juu.

Nimesema mengi juu ya mashine, lakini hata presi bora haiokoi kikombe kibaya. Kikombe cha soko la kawaida hakina ile ngozi inayopokea wino, hata king'ae namna gani. Na hata vinavyouzwa kama vya sublimasio havifanani. Katoni mara nyingi inabeba vikombe 36. Kabla ya kuichukua, nunua viwili, chapa, halafu mpe mama nyumbani aoshe kama anavyoosha sahani zake kila siku kwa wiki mbili. Asiwe mpole. Picha ikianza kukwaruzika, katoni hiyo iache dukani.

Dada wa Katuba bado anatumia mashine yake ileile. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, kabla majirani hawajawasha reshoo, anangoja namba ya joto irudi juu, ndipo anahesabu dakika tatu kwa telefone yake. Saa ya presi ameifunika kwa utepe. Kabla ya kupokea komande siku hizi anauliza kwanza ni ya tarehe gani, na ikiwa ni ya kesho, anaikataa. Zamu yake ya likelemba itarudi mwezi wa nane.