Usinikimbie, Mpenzi

Haya mpenzi msomaji, mwezi huu naanika ya ndani kwangu, ila usiende kunitangaza.

Yote yalianza siku lifti ya ofisini kwetu, pale Posta, ilipogoma. Sisi tuko ghorofa ya nne. Nilipofika ya pili tu pumzi ikakata, moyo unadunda kama ngoma. Nikajifanya napokea simu ili vijana wa uhasibu wanipite. Nina miaka 31, jamani! Na mama yangu mzazi ana kisukari. Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi, kabla sijatoka kitandani, nikajipima mapigo ya moyo kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. 88 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100, kwa hiyo si ugonjwa. Lakini mume wangu, ambaye Jumapili haikosi klabu yake ya jogging, alikuwa na 58. Nikamwambia, "Jumamosi twende wote."

Weee! Tulianzia Namanga kuelekea Coco Beach. Yule bwana alinyoosha miguu akaniacha kama hanijui. Nilimkuta ameshamaliza dafu lake, ananiuliza, "Mbona umechelewa?" Jumatatu nashuka kwenye daladala kwa kushikilia mlango, mapaja yanawaka moto. Nikamsimulia, akacheka. Nikanuna siku tatu, kila mtu na upande wake wa kitanda. Kilichoniuma zaidi si mapaja, ni kuachwa.

Kununa huko kulinipa muda wa kusoma. Wengi tunaamini maumivu yale ni asidi iliyobaki kwenye misuli. Si kweli. Hiyo asidi ya laktiki huondoka ndani ya saa moja au mbili hivi. Maumivu ya siku ya pili na ya tatu yanatokana na michubuko midogo mno kwenye nyuzi za misuli. Mwili ukiikarabati, unaiacha misuli imara kuliko mwanzo. Na kumbe ukarabati wenyewe hufanyika ukiwa umepumzika na kulala, sio ukiwa unakimbia!

Moyo nao una mambo yake. Ukiwa umetulia unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Ukikimbia kwa nguvu unaweza kufika lita 20. Damu nyingi inaondolewa tumboni na kupelekwa kwenye misuli, ndiyo maana ukikimbia umetoka kula chipsi kuku unasikia kichefuchefu. Ukiendelea wiki kadhaa, kila pigo moja linatoa damu nyingi zaidi, basi moyo hauna tena haja ya kwenda mbio. Halafu misuli inayofanya kazi inachota sukari kwenye damu, na faida hiyo inaweza kudumu hata siku nzima baada ya mazoezi. Hapo nikamkumbuka mama.

Nikavunja ukimya. "Twende mwendo wangu, la sivyo naenda peke yangu." Akakubali shingo upande. Sheria yetu ikawa moja: kasi ile ambayo mtu anaweza kuongea bila kuhema. Dakika 30, mara tano kwa wiki. Zinafika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri. Na kwa vile tunaongea, ugomvi mwingi wa nyumbani tukaumalizia barabarani. Baada ya miezi mitatu mapigo yangu yalikuwa 74, na ngazi za ofisini napanda huku nasalimia watu.

Mara mume wangu akashikwa na taifodi, wiki tatu kitandani. Siku ya kwanza kurudi barabarani, hata nusu ya njia hakufika. Akakaa ukingoni, amejikasirikia. Nikamsimulia habari za Dallas, Marekani. Mwaka 1966 vijana watano walilazwa kitandani wiki tatu kwa utafiti, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena mwaka 1996, ilionekana zile wiki tatu ziliwapunguzia nguvu kuliko miaka 30 ya umri. Lakini mazoezi yaliwarudisha, wakati ule na hata uzeeni.

Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe siku ile nilikuacha." Nikamshika mkono, tukaenda taratibu hadi Coco. Dafu alinunua yeye.

Msomaji wangu, kama una presha, sukari au kifua kinabana, muone daktari kwanza. Kisha anza kidogo kidogo. Na wewe uliye na kasi, angalia nyuma, mwenzio yuko wapi?

Tukutane mwezi ujao, raba mguuni.